Paneli mpya ya fyuzi na waya mpya kwenye boti ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nairobi

Majibu haya ni ya wenye boti ndogo za faiba, za futi 14 hadi 20 hivi, zenye injini moja ya nje na betri moja ya volti 12. Ni zile boti zinazolala kwenye trela uani Karen, Ruiru au Syokimau, zikavutwa hadi Naivasha wikendi na mara chache zikafika Kisumu au Kilifi. Mwenye dau la tanga lisilo na betri hana lake hapa. Mwenye chombo chenye jenereta na vyumba vya kulala naye atafute fundi wa kazi kubwa.

Nairobi hakuna bahari. Kuna tofauti gani kati ya boti yangu na ya mtu wa Mombasa?

Tofauti ni kubwa. Bwawa la Nairobi, ambalo zamani lilikuwa na mashua za tanga, limemezwa na gugu maji, kwa hiyo kila safari ya majini huanzia barabarani. Kutoka mjini hadi Naivasha ni kama kilomita 90 kwenda peke yake. Unafika, unazunguka ziwani saa chache, kisha unaikokota boti tena hadi nyumbani. Chombo chako kinakula lami, matuta na vumbi kuliko mawimbi. Baada ya hapo kinakaa uani wiki kadhaa, pengine miezi, kikinyeshewa na kutembelewa na panya.

Maelekezo mengi ya umeme wa boti yameandikwa kwa vyombo vinavyokaa gatini, na yanaogopa chumvi kwanza. Sisi tuiogope chumvi kwa kiasi chake, lakini tuogope zaidi mtikisiko wa trela na boti kukaa bure. Karibu kila jambo nitakalolisisitiza hapa chini linatokana na hayo mawili.

Nitajuaje kwamba waya zimechoka, si fyuzi moja tu iliyoungua?

Chuna ganda la waya sentimita moja hivi mahali pasipo na umuhimu. Shaba ikiwa inang'aa, waya bado ni mzima. Ikiwa nyeusi au ina unga wa kijani, kata tena nusu mita ndani na utazame. Weusi ukiendelea huko, waya huo hauna maisha hata uuwekee fyuzi ya dhahabu.

Dalili nyingine ni kishikio cha fyuzi kinachopata joto hadi huwezi kukigusa, taa inayowaka ukigonga paneli, na viungo vya kusokota vilivyofungwa tepu ambayo gundi yake imeyeyuka. Ukikuta karatasi ya fedha ya sigara imezungushwa kwenye fyuzi ya kioo, usiulize maswali zaidi. Ng'oa yote.

Kipimo cha uhakika ni multimita, yaani kile kifaa cha kupimia volti, ampea na omu. Washa pampu, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha pima kwenye waya zinazoingia kwenye pampu yenyewe ikiwa bado inazunguka. Betri ikisoma 12.5 na pampu ikisoma 11.2, volti 1.3 zimepotelea njiani, zaidi ya asilimia 10. Kupima waya ambao haubebi mzigo hakukuambii kitu, kwa sababu hata waya uliobaki uzi mmoja utaonyesha volti kamili.

Je, naweza kubadilisha paneli peke yake na kuacha waya za zamani?

Unaweza, ikiwa kile kipimo cha juu kimepita kwenye kila kifaa. Uzoefu ni kwamba mara nyingi hakipiti. Paneli mpya kwenye waya zilizooza inapendeza macho, lakini hatari inabaki nyuma ya mbao, mahali usipopaona.

Nimpe kazi hii fundi wangu wa umeme wa magari?

Wapo mafundi hodari sana Kirinyaga Road, na mkono wa kubana lagi, yaani vile vichwa vya chuma vya kwenye ncha za waya, wanao. Ila mweleze jambo moja kabla hajafungua begi lake: kwenye gari, bodi ya chuma ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri. Fundi wa gari huvuta waya mmoja wa chanya hadi kwenye taa, kisha hasi anaifunga kwenye chuma kilicho karibu. Boti ya faiba haina bodi ya kurudishia umeme, kwa hiyo kila kifaa kinahitaji waya wake wa chanya na wake wa hasi, unaorudi hadi kwenye basiba ya hasi, yaani kile kipande cha shaba chenye skurubu nyingi.

Na kama boti ni ya alumini, ambako bodi inapitisha umeme, bado usikubali itumike kama njia ya kurudi. Umeme ukipita kwenye bodi iliyo majini, chuma kinaliwa polepole mpaka kinatoboka. Fundi akikwambia "hiyo waya ya pili ni kuharibu pesa," mshukuru na utafute mwingine.

Kazi yenyewe naianzia wapi?

Anza kwenye karatasi, betri ikiwa imefunguliwa. Katika kufungua, toa hasi kwanza. Katika kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa chuma cha injini, utaona cheche ambayo hutaisahau.

Piga picha kila pembe. Kila waya ubandike jina kwa tepu ya karatasi kabla ya kuufungua. Kisha chora: betri, swichi kuu, paneli, na mistari kwenda kwa kila kifaa. Andika kifaa kinakula ampea ngapi. Kama kimeandikwa wati, gawanya kwa 12: taa ya wati 10 ni kama ampea 0.8, tundu la kuchajia simu la wati 24 ni ampea 2. Pampu ya kutoa maji, honi na kipima kina vina karatasi zake. Soma humo, usikisie. Jumlisha, halafu acha nafasi mbili tatu tupu kwenye paneli, kwa sababu spika za muziki zitakuja tu.

Waya wa zamani usiutupe kabla haujakusaidia. Funga mpya kwenye ncha yake, vuta upande wa pili, nao utakupitishia mpya ndani ya mabomba na chini ya sakafu. Ukiunganisha kamba nyembamba papo hapo, utakuwa na ya kuvutia waya wa mwaka kesho.

Fyuzi au breka?

Kwa boti za kiwango hiki, mimi nasema fyuzi bapa zile za magari. Sababu si ufundi, ni maduka. Zinapatikana kila mahali penye spea za magari, hata ukikwama Naivasha mjini Jumapili. Breka, zile swichi zinazojikata zenyewe mzigo ukizidi, zikiwa nzuri za boti ni ghali, na zile za bei rahisi huharibika kwa unyevu bila kukuonya. Fyuzi za kioo ziachie redio za zamani. Kishikio chake cha springi hulegea kwa mtikisiko.

Rangi za fyuzi bapa ni lugha moja dunia nzima: zambarau ni ampea 3, kahawia hafifu 5, kahawia 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, nyeupe isiyo na rangi 25, kijani 30.

Tatizo la soko letu ni fyuzi bandia, ambazo zimeandikwa 5 lakini zinabeba mara mbili bila kukatika. Nunua pakiti, toa moja kafara. Chukua balbu ya H4 ya taa kubwa ya gari, ya wati 60 na 55, uwashe nyuzi zake zote mbili kwa pamoja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi hiyo ya ampea 5. Balbu itavuta karibu ampea 9.5. Fyuzi ya kweli itakatika ndani ya sekunde chache. Ukipata muda wa kupiga simu balbu ikiwa bado inawaka, rudisha pakiti nzima dukani. Fanyia jaribio hili nje, mbali na tangi la mafuta.

Fyuzi niweke ya ukubwa gani?

Fyuzi inalinda waya. Kifaa kinakuja baadaye. Jiulize waya huu unaweza kubeba nini bila kupata moto, na fyuzi isizidi hapo. Kwa tahadhari, mimi huishia ampea 10 kwa waya wa milimita mraba 1.5, ampea 15 kwa 2.5, ampea 20 kwa 4, na 25 kwa 6. Kama mtengenezaji wa kifaa ametaja fyuzi ndogo zaidi, fuata yake. Pampu hasa: ikisakamwa na uchafu na kushindwa kuzunguka huvuta umeme mwingi mfululizo, na fyuzi sahihi ndiyo inayoizuia kuungua.

Kuna fyuzi moja ambayo boti nyingi ninazoziona hapa hazina kabisa: fyuzi kuu, kwenye waya wa chanya unaotoka kwenye betri kwenda paneli. Kiwango cha ABYC, baraza la Marekani linaloweka viwango vya boti, kinaitaka iwe ndani ya inchi 7, yaani sentimita 18, kutoka kwenye betri. Sababu yake ni kwamba waya ulio kati ya betri na paneli, ukichubuka na kugusa hasi, hauna wa kuukata. Betri ndogo tu inaweza kusukuma mamia ya ampea, na waya huo unageuka koili ya jiko. Kwa paneli ya kawaida, waya wa milimita mraba 10 na fyuzi kuu ya ampea 40 zinatosha. Kebo nene ya stata ya injini ndiyo pekee inayoachwa bila fyuzi, kwa hiyo hiyo iwe fupi, ifungwe vizuri, na isisugue popote.

Waya unene gani, na ninunue wapi?

Hapa ndipo pesa yako inapokwenda, na hapa ndipo watu wengi hubania mahali pasipofaa.

Unene unachaguliwa kwa umbali na mzigo. Hesabu yake: ampea, mara urefu wa waya kwenda na kurudi kwa mita, mara 0.0175, gawanya kwa unene wa milimita mraba. Jibu ni volti zinazopotea. Pampu ya ampea 5 iliyo mita 4 kutoka kwenye paneli ina mita 8 za waya. Kwa waya wa 1.5 utapoteza volti 0.47, karibu asilimia 4. Kwa waya wa 2.5 utapoteza 0.28, kama asilimia 2.3. Taa za njia (zile zinazowaonyesha wengine boti yako usiku), vifaa vya kielektroniki na waya mkuu wa paneli visipoteze zaidi ya asilimia 3. Taa ya ndani au tundu la simu, hata 10 si neno. Pampu mimi naiweka kwenye kundi la asilimia 3, kwa hiyo 2.5. Wengi husahau safari ya kurudi katika hesabu hii, na matokeo yake wanapata nusu ya hasara halisi.

Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba. Ule mgumu wa uzi mmoja unaotumika kwenye kuta za nyumba, trela itauvunja. Na ikiwezekana shaba iwe imepakwa bati, kwa sababu bati huzuia ule weusi kutambaa ndani ya ganda.

Waya wa boti wa aina hiyo ni adimu Nairobi, lakini tuna bahati moja: kebo za sola. Kebo halisi ya paneli za jua ni shaba yenye nyuzi nyembamba, iliyopakwa bati, yenye maganda mawili yanayostahimili jua, na imejaa Luthuli Avenue na River Road kwa unene wa 4 na 6. Ni nene kupita mahitaji ya taa, na haipindi kwa urahisi kwenye kona, lakini kwa pampu na kila kitu kilicho mbali na paneli ni chaguo bora. Zilizobaki, ambazo ni fupi na kavu, waya mzuri wa magari wa nyuzi nyingi unatosha kwa boti ya maji baridi.

Kabla ya kulipa, kata ncha kwa kisu kikali na uiangalie sehemu iliyokatwa. Shaba iliyopakwa bati ni ya fedha kwa nje na nyekundu ndani. Alumini iliyopakwa shaba ni kinyume chake: nyekundu nje, nyeupe ndani. Ikiwa nyeupe kote, nje na ndani, hiyo ni alumini, si shaba. Beba na sumaku ndogo. Waya ukivutwa, una chuma ndani. Muuzaji akikasirika kwa sababu ya kisu na sumaku, umeshapata jibu.

Naivasha ni maji baridi. Kuna haja gani ya kuhangaika na bati?

Kama boti haitaiona bahari kamwe, shaba tupu yenye lagi zilizozibwa vizuri itakuhudumia miaka mingi. Lakini Desemba ikifika watu huvuta boti hadi Kilifi au Watamu, na maji ya chumvi yakiingia kwenye ncha ya waya mara moja tu hayaondoki kwa kusubiri yakauke. Amua leo kama utaenda pwani, ndipo ununue waya.

Kubana lagi au kuchoma solda?

Kubana, na swali hili ndilo lenye ubishi kuliko yote. Fundi wa redio atakuapia kwamba solda ndiyo muunganisho wa kweli. Kwenye redio iliyo mezani, ni sawa. Kwenye waya unaotikiswa, solda hupanda ndani ya nyuzi na kuzigeuza kuwa kijiti kigumu, na pale kijiti kinapoishia na nyuzi laini zinapoanza ndipo waya hukatika. Pita barabara ya Mai Mahiu na trela nyuma ukatafakari ni mara ngapi pale patapindwa kabla ya kufika ziwani. ABYC nao hawakubali solda iwe ndicho kitu pekee kinachoshikilia muunganisho.

Nunua koleo la kubania lenye meno ya kujifunga, lile lisiloachia mpaka limebana hadi mwisho. Koleo bapa la bei nafuu linaloponda lagi na kuiacha hapo si kifaa cha kazi hii. Lagi iwe ya duara inayozunguka skurubu, si ile ya uma, kwa sababu skurubu ikilegea kidogo uma hutoka na duara hubaki. Chuna ganda bila kukata nyuzi, ingiza, bana, kisha vuta kwa nguvu za mkono wako wote. Ikitoka, heri imetoka sasa. Mwisho vika mpira wa kunywea kwa joto, ule wenye gundi ndani, na uupashe mpaka gundi ichungulie pande zote mbili. Tepu nyeusi iache kwenye droo.

Kila waya ufungwe kwa kibano kila sentimita 45 au chini ya hapo. Kabla ya kuingia kwenye paneli, uache ushuke kidogo chini ya tundu kisha upande, ili maji yanayotiririka juu yake yadondokee hapo chini badala ya kuingia ndani.

Rangi za waya zina maana?

Chanya nyekundu, hasi nyeusi, na kwenye boti nyingine hasi huwa njano. Kwa mtindo wa Marekani, pampu hupewa kahawia, taa za njia kijivu, taa za ndani buluu ya kukolea. Ukitumia kebo za sola utakuwa na nyekundu na nyeusi tu, kwa hiyo andika majina kwenye ncha zote mbili za kila waya. Usichukue kahawia na buluu za stima ya nyumbani ukazichanganya humo. Siku moja mtu atadhani ni volti 240 au, vibaya zaidi, atadhani si volti 240.

Paneli niifunge mahali gani?

Juu, kavu, mahali unapoweza kufika bila kupiga magoti ndani ya maji, na isikae kwenye kabati moja na tangi la petroli. Ifunge imesimama wima, waya zikiingia kutoka chini. Nyuma yake weka ubao usionyonya maji. Vile vibao vya plastiki nene vya kukatia mboga vinachongwa vizuri, havioti ukungu, na vinapatikana popote. Basiba ya chanya iwe na kifuniko.

Pampu ya ngama niiunganishe vipi?

Ngama ni pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika. Pampu inayojiwasha kwa kielea isipitie swichi kuu. Iwe na waya wake kutoka kwenye betri, na fyuzi yake karibu na betri, ili ukizima kila kitu na kuondoka gatini, bado ifue maji. Kwenye paneli weka swichi ya njia tatu: ya kujiwasha, ya kuzima, na ya kuwasha kwa mkono. Viungo vya waya za pampu visiachwe chini ya sakafu vinapoelea. Vivute hadi juu ya usawa wa maji ya ngama na uvizibe kwa ule mpira wenye gundi. Kisha mwaga ndoo ya maji humo uone kielea kikipanda na pampu ikianza bila kuguswa.

Sasa upande wa Nairobi. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, boti iko uani imefunikwa nusu. Maji yanaingia, kielea kinapanda, pampu inafua usiku kucha, betri inakufa, kisha maji yanajaa mpaka yanafika kwenye injini ya pampu na kwenye kila kiungo ulichokifunga kwa uangalifu. Dawa yake haina umeme: boti ikiwa kwenye trela, inua omo (mbele ya boti), ng'oa kizibo cha tezi (nyuma yake), acha maji yatoke yenyewe. Kizibo kifunge kwenye ufunguo wa injini ili usiweze kuiwasha bila kukiona. Walioshusha boti Naivasha wakiwa wameacha kizibo nyumbani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Betri yangu hufa kila boti ikikaa. Ni waya?

Huenda. Zima kila kitu, fungua hasi ya betri, na uweke multimita ya ampea kati ya kichwa cha betri na waya. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, utaiunguza. Inapaswa kusoma sifuri au karibu nayo. Ikisoma milliampea 50, unaweza kudhani ni kidogo, lakini kwa siku ni ampea-saa 1.2, na kwa siku 30 ni 36, nusu ya betri ya 70. Ng'oa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, na hapo umempata mwizi. Mara nyingi ni redio ya muziki au tundu la simu lenye taa ya buluu inayowaka saa zote.

Kama hakuna kinachovuta, betri inajimaliza yenyewe kwa kukaa. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7, kwenye 12.2 imebaki nusu, na ikiachwa hapo miezi itaharibika kabisa. Paneli ndogo ya jua ya wati 10 au 20 yenye kidhibiti chaji inamaliza tatizo hilo, nayo pia iwe na fyuzi karibu na betri. Betri yenyewe ifungwe kwa mkanda ndani ya sanduku lake. Katika safari ya trela, betri iliyolegea ni jiwe la kilo 15 au zaidi linalopiga waya zako.

Kuna hatari gani na petroli?

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kulala kwenye ngama, pale pale pampu na waya zilipo. Fungua vifuniko vyote na uache upepo upite kabla ya kugusa swichi yoyote. Ondoa tangi la kubebeka kabla ya kuanza kazi. Swichi, relei au pampu itakayokaa karibu na mafuta lazima iwe ile iliyozibwa isitoe cheche nje, na ya gari ya kawaida haijazibwa hivyo. Hapa usinunue kwa bei.

Panya wamekula waya. Nifanyeje?

Pitisha waya kwenye mabomba ya plastiki, ziba matundu ya kuingilia kwa wavu wa chuma, na usiache mabaki ya samosa chini ya viti. Sijaona dawa ya kupuliza inayoshinda paka wa jirani. Kabla ya kila safari, pitisha mkono na tochi kwenye njia nzima ya waya; dakika tano zinatosha.

Taa za njia zinahitajika wakati sisi hurudi kabla ya jioni?

Mipango ni hiyo, lakini injini hukataa. Kwa kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia migongano, chombo cha injini kilicho chini ya mita 12 kinaweza kuwasha taa nyeupe moja inayoonekana pande zote pamoja na nyekundu kushoto na kijani kulia. Chombo kilicho chini ya mita 7 ambacho mwendo wake wa juu hauzidi noti 7 (kama kilomita 13 kwa saa) kinaruhusiwa nyeupe peke yake, na boti yenye injini ya nguvu farasi 40 haimo katika msamaha huo. Tumia LED, hula umeme kidogo sana. Ila zile za bei ya chini hutia kelele kwenye redio ya VHF, kwa hiyo washa taa huku redio ikisikika kabla hujazifunga moja kwa moja. Viboko wa Naivasha hawajali taa zako, lakini mvuvi anayekuja mbele yako anazihitaji.

Nawezaje kuweka stima ya volti 240?

Kwa boti hii, usiweke. Laptopu na simu zina chaja za volti 12.

Nimemaliza. Nijaribu vipi kabla ya kwenda majini?

Ng'oa fyuzi zote, hakikisha betri haijaunganishwa. Weka multimita kwenye omu kati ya basiba ya chanya na ya hasi: isionyeshe njia. Kisha unganisha chanya, lakini kwenye hasi pitisha balbu ya breki ya gari ya wati 21 katikati. Swichi zote zikiwa zimezimwa na fyuzi zote nje, balbu isiwake. Ikiwaka, kuna mahali chanya imegusa hasi, na balbu imekuokoa na moshi. Ingiza fyuzi moja moja, kila mara ukitazama balbu. Baada ya hapo toa balbu, unganisha hasi sawasawa, washa kifaa kimoja kimoja na upime volti kwenye kila kimoja kikiwa kazini. Andika namba hizo nyuma ya mchoro wako, uuingize kwenye mfuko wa plastiki, uubandike ndani ya mlango wa paneli.

Mwagia boti maji ya mpira kama mvua ya Aprili, kisha washa tena kila kitu. Halafu ifunge kwenye gari uizungushe barabara mbovu iliyo karibu nawe, na hizo hazijatupungukia, urudi ukaze skurubu zote za paneli na basiba. Kuna zitakazokuwa zimelegea. Kaza tena baada ya safari ya kwanza ya Naivasha.

Spea gani nibebe ndani ya boti?

Fyuzi mbili za kila ukubwa uliotumia, fyuzi kuu moja, mita mbili za waya wa 2.5, lagi chache na koleo lake, bisibisi, spana ya kichwa cha betri, multimita ndogo, tochi ya kichwani. Vyote kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, na ndoo ya kufulia maji pembeni yake.